Tundu Safi Katika Mwamba wa Tabaka: Historia ya Uchorongaji wa Madini Wilayani Ngara na Biharamulo Tangu Miaka ya 1970 Hadi 2021

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia ya uchorongaji wa miamba katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, kwa kuzingatia jambo moja ambalo kwa kawaida huachiwa mafundi: usafi wa tundu. Hoja kuu ni kwamba tundu lililochorongwa vizuri ni hifadhi ya kumbukumbu. Hifadhi hiyo hudumu kuliko kampuni iliyoitengeneza, na mwenye uwezo wa kuisoma ndiye huwa na nguvu mezani wakati wa mapatano. Insha inalinganisha hazina ya nikeli ya Kabanga na mgodi wa dhahabu wa Tulawaka, kisha inajadili mageuzi ya sheria ya mwaka 2017 na mapatano ya mwaka 2021. Inahitimisha kwamba umiliki wa kisheria wa taarifa za matundu haujitoshelezi pasipo uwezo wa kuzitunza na kuzifasiri.

1.0 Utangulizi

Wilaya za Ngara na Biharamulo ziko kusini mwa Mkoa wa Kagera, uliojulikana kama Mkoa wa Ziwa Magharibi hadi mwaka 1979. Ngara inapakana na Rwanda na Burundi, na ndani yake mto Ruvubu hukutana na mto Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Biharamulo iko mashariki yake, ikielekea Ziwa Viktoria, na mji wake mkuu ulikua kando ya boma lililojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20.

Maandishi ya historia kuhusu eneo hili yameegemea zaidi tawala za jadi, mipaka ya kikoloni, vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979, na wakimbizi waliovuka daraja la Rusumo mwaka 1994. Madini yanapotajwa, hutajwa kama ahadi ya baadaye au kama mgogoro kati ya Serikali na wawekezaji. Kazi yenyewe ya kuyatafuta, ambayo imefanyika Ngara kwa vipindi tangu miaka ya 1970, huonekana kuwa suala la wahandisi na haipewi nafasi katika historia. Insha hii inakusudia kuziba pengo hilo.

Istilahi mbili zinahitaji kutofautishwa mapema. Shimo, katika matumizi ya insha hii, ni uwazi ambao mtu huweza kuingia ili kuchimba. Tundu ni uwazi mwembamba unaotobolewa na mashine ili kutoa sampuli. Kutoboa huko, kwa lugha inayotumika katika sekta ya madini nchini, huitwa kuchoronga. Shimo hutoa mali. Tundu hutoa habari tu. Hata hivyo, ni habari hiyo inayoamua kama shimo litachimbwa, lini, na kwa masharti ya nani.

2.0 Dhana ya Tundu Safi

Uchorongaji kwa almasi ulianza Ulaya. Mhandisi Rodolphe Leschot alipata hataza ya chombo hicho nchini Marekani mwaka 1863. Msingi wake haujabadilika sana. Bomba lenye kichwa cha mviringo kilichopachikwa almasi huzungushwa likikandamizwa kwenye mwamba. Kichwa hukata duara tu, na katikati hubaki mche wa mwamba ambao katika insha hii utaitwa kiini. Maji hupelekwa chini kupitia bomba ili kupoza almasi na kuondoa unga wa mwamba. Kiini hupandishwa juu kwa kebo, kila mara kipande cha takribani mita 3, kisha hupangwa kwenye masanduku kwa kufuata kina. Katika ukubwa unaotumika sana, ambao wachorongaji huuita NQ, kipenyo cha kiini ni milimita 47.6.

Usafi wa tundu una maana nne. Ya kwanza ni ukamilifu wa kiini: mita 3 zilizochorongwa zinapaswa kutoa karibu mita 3 za kiini. Ya pili ni uhakika wa njia: lazima ijulikane tundu limepita wapi, kwa kuwa bomba refu hupinda. Kosa la nyuzi 1 tu huweza kulipeleka tundu la mita 1,000 kando kwa zaidi ya mita 17, na umbali huo unatosha kuikosa hazina nyembamba au kuikadiria kwa unene usio wake. Ya tatu ni kutochanganyika: unga wa tabaka la juu usiingie katika sampuli ya tabaka la chini. Ya nne ni uimara wa kuta, ili vyombo vya kupimia viweze kushushwa baadaye bila kukwama.

Ugumu wa kutimiza masharti haya hutegemea zaidi mpangilio wa mwamba kuliko ugumu wake. Ulinganisho na fani nyingine unafafanua jambo hili. Mwili wa ndege ya Boeing 787, kama ile ambayo Shirika la Ndege Tanzania lililipokea Julai 2018, umetengenezwa kwa sehemu kubwa kwa nyuzi za kaboni zilizolazwa tabaka juu ya tabaka na kugandishwa kwa gundi ngumu. Fundi anayetoboa tundu la ribiti katika kipande cha namna hiyo hutumia pia vichwa vya almasi au vya kabidi. Tatizo lake kubwa hutokea pale keekee inapokaribia kutokeza upande wa pili: tabaka la mwisho, lisilo na kitu nyuma yake cha kulishikilia, husukumwa na kubanduka badala ya kukatwa. Kwa sababu hiyo fundi huweka ubao nyuma ya kipande, hupunguza mkandamizo, na hubadilisha kichwa kabla hakijawa butu. Tundu linaweza kuonekana zuri kwa nje huku tabaka za ndani zimeachana.

Miamba ya tabaka ina tabia inayofanana na hiyo. Mwamba usio na tabaka hukatwa kwa namna moja kila upande, lakini mwamba wa tabaka hukata vizuri katika mwelekeo mmoja na kupasuka katika mwelekeo mwingine. Bomba linalouingia kwa pembe huvutwa taratibu na mpangilio wa tabaka. Kiini hukatika pale tabaka zilipo dhaifu, vipande husagana ndani ya bomba, na unga unaoondolewa na maji huwa ndio sehemu ileile ambayo mtafiti aliihitaji. Katika fani zote mbili kitu chenye tabaka hakisamehe haraka, na uharibifu hutokea mahali ambapo jicho halifiki.

3.0 Ardhi Kabla ya Keekee

Utafutaji wa madini katika eneo hili haukuanza na mashine. Upande wa Biharamulo, katika nchi ya Rusubi na Uzinza, wafua chuma waliojulikana kama Warongo waliyeyusha mawe ya chuma na kutengeneza majembe yaliyouzwa mbali na makwao. Maarifa yao ya ardhi yalitokana na kuangalia rangi ya udongo, uzito wa jiwe na matokeo ya tanuri. Maarifa hayo yalihifadhiwa ndani ya koo na kurithishwa pamoja na miiko ya kazi.

Tofauti kati ya maarifa hayo na yale ya uchorongaji ipo zaidi katika mahali pa kuhifadhiwa kuliko katika usahihi. Mfua chuma alibeba kumbukumbu yake mwenyewe, na aliyetaka kuijua alipaswa kukubaliwa naye. Kumbukumbu ya tundu hukaa ndani ya masanduku, ramani na majedwali, na huweza kuuzwa kwa mtu ambaye hajawahi kufika Ngara.

Kijiolojia, wilaya hizi mbili zina historia tofauti. Sehemu ya Ngara ilipo Kabanga ni ya ukanda wa Karagwe na Ankole. Humo mashapo ya kale yaligeuzwa kuwa miamba ya tabaka, baadhi ikiwa na salfaidi na madini ya kinywe. Takribani miaka milioni 1,400 iliyopita miamba ya moto iliyotoka chini ilijipenyeza ndani yake. Hazina za nikeli za Kabanga na za Musongati nchini Burundi ni matokeo ya tukio hilo. Mashariki mwa Biharamulo miamba ni mikongwe zaidi, ikiwa sehemu ya mikanda ya dhahabu iliyo kusini mwa Ziwa Viktoria.

4.0 Kabanga: Tundu Linalorithiwa

Nikeli ya Kabanga ilitambuliwa katika miaka ya 1970 kupitia uchunguzi wa kijiokemia uliofanywa na Serikali ya Tanzania kwa ushirikiano na Mpango wa Maendeleo wa Umoja wa Mataifa (UNDP). Matundu ya kwanza yalichorongwa katika muongo huohuo. Jambo hili linafaa kusisitizwa, kwa kuwa mazungumzo ya baadaye kuhusu wawekezaji yamelifunika: ugunduzi huo ulitokana na mradi wa umma.

Mazingira ya Kabanga yalikuwa mtihani kwa kila aina ya usafi iliyotajwa. Hazina imesimama karibu wima, imefunikwa, na sehemu zake zimeshuka mamia ya mita. Sehemu ya salfaidi haikubaki ndani ya mwamba wa moto uliozaa nikeli, bali imeingia katika miamba ya tabaka iliyo kando. Hivyo tundu lililofuata mwamba mama peke yake lingeweza kuipita mali bila kuigusa. Zaidi ya hayo, madini ya pirotaiti, yanayoandamana na nikeli, huvuta dira. Chombo cha zamani cha kupimia mwelekeo wa tundu kilitegemea sumaku, na pale salfaidi ilipokuwa nyingi ndipo kipimo chake kilipoweza kupotoka zaidi. Ndiyo sababu katika hazina za aina hii vipimo vya jairo, visivyotegemea sumaku, vilichukua nafasi ya dira. Kinywe nacho kina hila yake: hupitisha umeme kama salfaidi zinavyopitisha, kwa hiyo chombo cha umeme kinachoshushwa ndani ya tundu huweza kutoa ishara ya nikeli mahali penye kaboni tu. Ni kiini pekee kinachoweza kukata shauri.

Baada ya mradi wa UNDP, hazina ilipita katika mikono mingi. Kampuni ya Sutton Resources ya Kanada ilishika utafutaji katika miaka ya 1990, na kwa kipindi fulani BHP ilishiriki. Mwaka 1999 Barrick iliinunua Sutton. Mwaka 2005 Barrick iliingia ubia na Falconbridge, ambayo ilimezwa na Xstrata mwaka uliofuata. Xstrata nayo iliungana na Glencore mwaka 2013. Majina yalibadilika, na katika muda wote huo hakuna tani moja ya nikeli iliyozalishwa kwa biashara. Kilichoongezeka ni matundu.

Urithi huo uliwezeshwa na utaratibu unaoonekana mdogo. Kiini kikishapandishwa, hupasuliwa kwa urefu kwa msumeno wa almasi. Nusu moja hupelekwa maabara, ikasagwa na kupimwa. Nusu ya pili hurudishwa sandukuni. Nusu inayobaki ndiyo dhamana ya ukweli wa namba zilizotangazwa, maana mtafiti wa kizazi kingine anaweza kuifungua na kuipima upya. Thamani ya utaratibu huu ilidhihirika kwa njia ya aibu mwaka 1997, wakati kampuni ya Bre-X ya Kanada ilipoporomoka baada ya kubainika kwamba dhahabu yake ya Busang, nchini Indonesia, ilikuwa imetiwa ndani ya sampuli. Bre-X ilikuwa ikisaga kiini chote pasipo kubakiza nusu. Wakaguzi walilazimika kuchoronga matundu mapya kando ya yale ya zamani, na hawakukuta hazina iliyotangazwa. Mwaka 2001 Kanada iliweka kanuni kali kuhusu namna kampuni zinavyotangaza matokeo ya utafutaji. Kampuni za Kanada zilizofanya kazi Ngara na Biharamulo zilikuwa chini ya kanuni hizo. Kwa hiyo kashfa ya Busang ni sehemu ya historia ya Kabanga pia: ilifanya ubora wa tundu kuwa suala la sheria, ilhali hapo awali ulitegemea heshima ya fundi.

5.0 Tulawaka: Tundu Linaloamua Uhai wa Mgodi

Mgodi wa Tulawaka, wilayani Biharamulo, ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2005. Barrick ilikuwa na hisa asilimia 70, na asilimia 30 zilikuwa za mbia wake wa Kanada. Tofauti na Kabanga, hapa muda kati ya tundu na shimo ulikuwa mfupi. Uchimbaji ulianzia juu, kisha ukaendelea chini ya ardhi.

Katika mgodi mdogo wenye hazina ya maisha mafupi, kila tundu jipya huwa na uzito wa hukumu. Tundu linalokuta dhahabu huongeza miezi ya ajira. Tundu tupu huipunguza. Dhahabu iliyo ndani ya mishipa ya mawe meupe ya kwatzi ina ugumu wake, kwa kuwa husambaa bila usawa. Chembe moja kubwa ndani ya kiini huweza kukuza kiwango kuliko ukweli, na kiini kilichovunjika mahali pa mshipa huweza kukipunguza. Makosa ya tundu, yakiingia katika makadirio, hatimaye huonekana katika mishahara ya wafanyakazi na mapato ya halmashauri.

Mwaka 2013, hazina iliyothibitishwa ikiwa inaelekea kwisha, mgodi uliuzwa kwa Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) kwa dola za Marekani milioni 4.5, na kampuni tanzu ya STAMIGOLD ikaundwa kuuendesha. Bei hiyo yenyewe ni hati ya kihistoria. Ilionyesha thamani ya mgodi kwa mujibu wa matundu yaliyokuwapo, wala haikuonyesha thamani ya ardhi ambayo bado haijachorongwa. Serikali ilipata mitambo, leseni na wajibu wa ukarabati wa mazingira. Ilipata pia swali ambalo mnunuzi yeyote wa mgodi unaozeeka hulikuta: je, dhahabu imekwisha, au kilichokwisha ni uchorongaji? Kulijibu kunahitaji fedha za kuchoronga kabla ya kuona faida. STAMICO ilijenga baadaye uwezo wake wa uchorongaji na kutoa huduma hiyo kwa migodi mingine. Hatua hiyo inaweza kusomwa kama jibu la polepole kwa somo la Biharamulo.

6.0 Tundu Mbele ya Sheria, 2009–2021

Tangu mwaka 2009 Kabanga ilishikiliwa kwa leseni hodhi, yaani leseni iliyomruhusu mwenye hazina iliyothibitishwa kusubiri hali ya soko kabla ya kuchimba. Kwa mwekezaji ilikuwa busara. Kwa wakazi wa kata ya Bugarama na jirani zake, ilikuwa ni kuendelea kuishi juu ya hazina ambayo watu wengine wanaijua kuliko wao, pasipo kujua kama mwaka unaofuata wapande mibuni au wangoje kuhamishwa. Usafi wa kiufundi wa tundu haukuwa na jibu kwa hali hiyo.

Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria zilizotangaza mamlaka ya kudumu ya nchi juu ya utajiri wa asili na kurekebisha Sheria ya Madini. Mjadala wa umma ulijikita katika hisa zisizopungua asilimia 16 ambazo Serikali ingepata bila malipo. Kipengele kingine, kilichozungumzwa kidogo, kiligusa moja kwa moja mada ya insha hii: taarifa za madini zinazozalishwa chini ya sheria hiyo zilitamkwa kuwa mali ya Serikali, na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST), yenye makao Dodoma, ikapewa dhamana ya kuzihifadhi. Mwaka 2018 leseni hodhi zilifutwa, ya Kabanga ikiwamo. Januari 2021 Serikali ilitia saini mkataba na mwekezaji mpya, na kampuni ya ubia ya Tembo Nickel ikaundwa, Serikali ikiwa na asilimia 16. Leseni ya uchimbaji ilitolewa Oktoba mwaka huohuo, na mpango ukaweka usafishaji wa madini ufanyike nchini, huko Kahama.

Katika mwaka huohuo mwekezaji mpya alinunua kutoka kwa Barrick na Glencore taarifa za kiufundi zilizokusanywa katika miaka ya ubia wao. Tukio hili linastahili kuzingatiwa na watafiti. Ardhi ilikuwa ya umma. Leseni ilikuwa imefutwa. Sheria ilikwisha kutamka umiliki wa Serikali juu ya taarifa. Hata hivyo, kumbukumbu ya matundu iliendelea kuwa bidhaa yenye muuzaji na mnunuzi. Maelezo mepesi ni kwamba sheria ya mwaka 2017 ilikuja baada ya sehemu kubwa ya kazi kufanyika. Maelezo ya kina zaidi ni kwamba kumbukumbu ya tundu ni zaidi ya jedwali la namba linaloweza kukabidhiwa. Ni kiini, ramani, vipimo vya njia, tafsiri na ufahamu wa watu waliofanya kazi hiyo. Anayepokea jedwali bila hivyo vingine hupokea tundu lililo safi kwa nje, huku tabaka zake za ndani zimeachana.

Inaweza kupingwa kwamba hoja hii inatia chumvi uzito wa taarifa, kwa kuwa kilichochelewesha Kabanga ni bei ya nikeli, umbali wa bandari na ukosefu wa umeme wa uhakika. Vikwazo hivyo ni vya kweli. Hata hivyo, vikwazo hivyo vilijulikana na pande zote. Kina, umbo na kiwango cha hazina vilijulikana kwa undani na upande mmoja. Katika mapatano, kinachojulikana na upande mmoja ndicho chenye bei.

7.0 Hitimisho

Historia ya uchorongaji wilayani Ngara na Biharamulo inaonyesha kwamba ubora wa tundu haukuwa suala la ufundi peke yake. Kabanga, matundu yaliyoanza kama mradi wa umma yaligeuka kuwa kumbukumbu ya watu binafsi, yakarithiwa na kuuzwa kabla nikeli yenyewe haijauzwa. Tulawaka, matundu yaliamua muda wa kuishi wa mgodi na bei ambayo taifa lililipa kuupata. Sheria ya mwaka 2017 ilirudisha umiliki kwa Serikali kwa maneno. Kuurudisha kwa vitendo ni kazi ya maghala ya kutunzia viini, ya wanajiolojia wanaoweza kuvifungua na kuvipima upya, na ya bajeti inayokubali kugharimia habari kabla ya mali.

Utafiti zaidi unahitajika katika maeneo mawili. La kwanza ni historia ya wafanyakazi wenyeji waliobeba masanduku, kupasua viini na kusimamia mashine, ambao majina yao hayamo katika ripoti. La pili ni namna wakazi wa vijiji vya Kabanga walivyofasiri matundu yaliyoachwa mashambani mwao mwaka baada ya mwaka. Kwa mtafiti, tundu ni kumbukumbu ya mwamba. Kwa mwenye shamba limekuwa kumbukumbu ya ahadi, na historia kamili ya eneo hili itapaswa kuzisoma zote mbili.